Dorothée na Ubao wa Kupigia Pasi

Ukimtafuta Dorothée katika soko kuu la Bunia, usihangaike kuuliza jina lake. Uliza mama wa magodoro, na utaelekezwa hata na yule aliyegombana naye jana. Ana miaka arobaini na miwili, watoto watatu, mume mmoja, na kisu kirefu cha kukatia mousse, maana ndivyo tunavyoita sponji la godoro kwetu. Mteja akifika, Dorothée hamwulizi anataka kipimo gani. Anamwambia alale. Mtu mzima na koti lake analazwa palepale mbele ya soko zima, Dorothée anamzunguka akikagua visigino na mabega, kisha anatoa hukumu: "Hii hapana yako. Mugongo yako italia." Hajawahi kukosea, na atakuambia hivyo kabla hujamwuliza.

Hiyo mousse ndiyo iliyomfikisha ziwani. Miaka mitatu iliyopita alipeleka magodoro Kasenyi, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Albert. Walipokuwa wakishusha mzigo, upepo ukanyakua kipande kikubwa ukakitupa majini. Mwingine angekiaga. Dorothée hana desturi ya kuaga mali yake: alijifunga kitenge vizuri akaingia mpaka kifuani, akakirukia kile kipande kwa tumbo, na papo hapo wimbi likaja nyuma yake likambeba mpaka mchangani. Alicheka mpaka wavuvi wakaacha nyavu kumtazama. Kisha akarudi majini, na safari hii hakuwa anafuata mali.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, Dorothée alipanda pikipiki, akapita Bogoro, akashuka ule mteremko mrefu mpaka Kasenyi. Alikuwa na kipande chake cha mousse ngumu, amekifunga kwa bâche, turubai la plastiki, na kukibandika kwa gundi, maana mousse hunywa maji kuliko ng'ombe. Mzee Paluku, mkuu wa wavuvi pale, alimfundisha kuogelea, na wavuvi wote wakambatiza Mama Mousse. Alilala kwa tumbo, wimbi likambeba, basi. Siku sita za wiki mwili wake ulikuwa wa wateja, wa jiko na wa watoto. Ya saba ulikuwa wake, na aliipenda siku hiyo kwa moyo wote.

Mumewe Vital, fundi wa redio, hakuwahi kumsindikiza. Miaka kumi na miwili iliyopita kaka yake Bruno alipanda pirogue, mtumbwi wenye shehena, kuelekea ng'ambo, upepo ukabadilika, na mpaka leo hakuna aliyerudi, wala mtu wala mzigo. Tangu hapo Vital alikuwa hajashuka mteremko ule. Hata samaki wa ziwa hili hali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Vital aliona unyasi kila Jumapili. Alimruhusu mkewe kwa sababu moja tu: mousse ni laini na inaelea.

Sasa, Dorothée ana jirani mtaani kwao Nyakasanza, Geneviève, dobi hodari aliyemfulia rubani mmoja wa kigeni kwa miaka miwili. Rubani alipomaliza mkataba alimwachia vitu kadhaa, na kati yake ubao mmoja mrefu mweupe, mgumu, wenye ncha mbele na mapezi chini. Geneviève aliuweka juu ya viti viwili, akautandikia blanketi, akawa anaupigia pasi. Ubavuni ulikuwa na alama ya kahawia ya pasi iliyosahauliwa. Siku moja Dorothée alifuata mashuka yake, akaonyeshwa katika simu ya Geneviève picha ya rubani akiwa baharini kwao. Macho yakamtoka pima.

"Anasimama?"

"Njo vile. Anasimama juu yake, maji inamubeba," alisema Geneviève.

"Na mi miaka tatu minalala!"

Usiku huo usingizi ulimpa mgongo. Asubuhi alirudi kwa Geneviève na godoro la watu wawili, jipya, la kubadilishana. Geneviève alilikubali kabla halijatua chini, akaongeza na maelezo ya bure: "Ile muzungu alikuwa anapaka huku juu kitu kama mushumaa, uchafu mutupu. Mi nimekwangua yote na pasi ya moto. Angalia vile inangaa!"

Dorothée aliangalia jinsi unavyong'aa, akashukuru.

Nyumbani Vital aliugonga ule ubao kwa kidole, ukalia ko, ko, kama mlango.

"Mama Gracia, hii hapana mousse. Hii inapasua kichwa ya mutu."

"Nitakuwa mwangalifu, Baba Gracia."

Vital aliuweka ubao chini. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Sikia. Siku utatoka damu kule, hata tone moja, njo mwisho. Ziwa tunaacha. Mi hapana zika mutu mwingine bila mwili."

Wakashikana mikono, na katika nyumba ile mkono ukishikwa neno limefungwa. Dorothée alijua alichoweka rehani: Jumapili zake zote.

Angefika salama, kama si kazi yake mwenyewe kumponza. Kwanza aliulaza ubao uani, akalala juu yake chali kama anavyolaza wateja, akajikagua visigino na mabega, akaona unamkaa barabara. Haikumjia akilini kwamba hakuununua ili alale. Pili, akaushonea housse, foronya ya kuuvisha mzima. Mtu wa magodoro hawezi kutoa kitu nje bila nguo yake, ni aibu ya ukoo mzima. Akachagua satini ya maua mekundu, ile ya magodoro ya harusi, akaipiga cherehani, akaitia na fermeture, yaani zipu, ubavuni. Majirani walikuja kuangalia. Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, askari alitaka kujua ni jeneza la nani, akaambiwa ni la kuchezea majini, akamruhusu yeye na mwenye pikipiki wapite haraka.

Kilichotokea Kasenyi kilichukua muda mfupi kuliko kukisimulia. Satini ilikunywa maji ikavimba kama tumbo la mwenye minyoo. Wimbi lilipokuja Dorothée alipiga magoti, akainua mguu mmoja, na mguu ukateleza juu ya maua yale kama juu ya ganda la ndizi. Alianguka upande mmoja, ubao ukaruka upande wa pili, kisha ukarudi na kumpiga mdomoni. Alitoka majini akiwa ameshika mdomo, na damu ikipita kati ya vidole.

Wavuvi walicheka, kisha wakaona damu, wakaacha. Kijana mmoja akamshauri aseme ameanguka kwenye pikipiki, kwani barabara ile nani asiyeijua? Lilikuwa wazo zuri. Dorothée alilitafakari kuanzia Kasenyi mpaka Bogoro, na kuanzia Bogoro mpaka mlangoni kwake.

"Ni ubao," alimwambia Vital, hata kabla ya kukaa.

Vital alizima redio aliyokuwa akiitengeneza. Alileta maji ya chumvi, akamsafisha mdomo polepole.

"Tulishikana mikono," akasema.

"Tulishikana."

Hakukuwa na ugomvi. Ubao uliegemezwa ukutani karibu na jiko. Jumapili ya kwanza Dorothée alipanga magodoro yaliyokuwa yamepangwa tayari. Ya pili alikwenda misa mbili. Ya tatu alikaa uani akitazama kuku, na alipoulizwa na mwanawe Gracia kama anaumwa, alisema ndiyo, na hakudanganya. Lakini hakunung'unika, maana ahadi ni deni, na yeye ndiye aliyejifunga.

Wiki ya nne alimwambia mumewe: "Baba Gracia, Papa Paluku alinifundisha kuogelea. Mi siwezi kupotea kama mwizi. Lazima niseme aurevoir. Na ile ubao nitamuachia, wafanye benchi."

Vital alikuna kidevu. Jambo hilo lilikuwa na adabu, na adabu ina masharti yake. Kwao, ukipokewa na watu miaka mitatu, huendi kuaga peke yako. Mwenye nyumba huenda pia, asimame, atoe shukrani kwa kinywa chake. Vinginevyo watu watasema huyu mwanamke alitoroka kwake. Alitafuta mlango wa kutokea, akaukosa.

"Basi tutaenda wote wawili," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Alivaa suruali ya misa na viatu vyeusi alivyopiga rangi mara mbili. Kwenye mteremko, ziwa lilipoonekana, alifumba macho mpaka chini. Huko Kasenyi alikaa juu ya pirogue iliyopinduliwa, akayapa maji mgongo, akamshukuru Paluku kwa maneno mazuri yaliyopangwa vizuri. Kisha Dorothée akaleta ubao.

Paluku aliupokea, akaugeuza mbele na nyuma, akaurudisha. "Asante sana. Lakini kitu unanipa na sijaona inatumika? Weye Papa Vital, iko fundi. Unapana redio bila kuiwasha?"

Hapo mzee alipiga penyewe. Vital hajawahi kumpa mtu redio bila kuiwasha mbele yake, mara mbili, stesheni mbili tofauti. Aliuvuta ubao ule magotini, na mikono ya fundi ikaanza kazi bila kungoja ruhusa ya mwenyewe.

"Hii nguo ni ya nini?"

"Ni housse," alisema Dorothée.

"Mashine inavaa nguo ikiwa kwa kazi?" Akafungua fermeture, akauvua ubao satini yote. Akapitisha kiganja juu yake. "Na hii inateleza sana. Nani ameifanya hivi?"

Dorothée akamweleza kuhusu Geneviève, na rubani, na ule uchafu kama mshumaa.

Vital alimtazama mkewe kama anavyowatazama watu wanaofungua redio kwa kisu cha mboga. "Mama Gracia. Mutu anapaka kitu kila siku bure? Ilikuwa ya kushika miguu!"

Mshumaa ulinunuliwa kibandani. Vital aliusugua mwenyewe, kwa miduara midogo midogo, kuanzia mkia mpaka katikati, akijaribu kwa kiganja, akiongeza, akijaribu tena. Ili aone vizuri alikuwa amegeukia mwanga, na mwanga ulikuwa upande wa ziwa. Paluku aliliona hilo, akamfinya Dorothée, wote wakajifanya hawajaona.

"Sasa onyesha," alisema Vital. "Mara moja. Halafu tunapana, tunarudi."

Dorothée aliingia majini akijua kwamba ndiyo mara ya mwisho. Wimbi la kwanza alianguka, na Vital akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema ile mara moja imekwisha. La pili lilimpita. La tatu lilikuja refu, tulivu, na Dorothée akapiga moyo konde. Magoti. Mguu mmoja. Mguu ukashika. Wa pili ukafuata, na mama wa magodoro, aliyelaza nusu ya Bunia, akasimama.

Hakusimama muda mrefu. Ungeanza Baba Yetu, ungefika penye mkate. Lakini alisimama wima, mikono wazi, kitenge kikipepea, akipiga kelele isiyokuwa neno la lugha yoyote ya Ituri, na pwani nzima ikamjibu. Karibu na mchanga alianguka kwa matako, akainuka akicheka, akajipapasa mdomo. Hakukuwa na damu.

Alipogeuka alimwona Vital. Alikuwa ndani ya maji, na viatu vyake vyeusi, na suruali ya misa, maji yakimfika magotini, kisha mapajani. Hata yeye mwenyewe hakujua ameingia saa ngapi. Aliushika ubao kwenye ncha, akaukumbatia kifuani ili usiende. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Bruno angekupigia makofi, weye," alisema. "Angepiga mpaka mikono inaumia."

"Baba Gracia, viatu."

Hakusikia. Alikuwa akitazama mawimbi, moja moja, kama anayetafuta stesheni. Kisha akaugeuza ubao taratibu, ncha ikaelekea ziwani, akamsukumia mkewe.

"Rudi. Onyesha tena. Papa Paluku hapana ona vizuri."

Paluku, aliyeona kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho, alikaa juu ya pirogue yake, akaitikia kwamba ni kweli kabisa, hajaona vizuri, na kwamba kwa macho yake haya ya uzee itabidi aonyeshwe Jumapili nyingi sana.