Sahihi Isiyokuwa Yangu

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe Nyambureti. Nilichanganya dawa ya kupe, nikahesabu ng'ombe wanaoogeshwa, nikagombana na wenye ng'ombe wasiotaka kusubiri zamu. Mshahara tuliufuata Mugumu kila mwisho wa mwezi, dirishani kwa karani.

Mwisho wa mwezi mmoja karani alipekua orodha akaniambia, "Ndugu, wewe umeshalipwa jana."

Nikamwambia jana nilishinda joshoni. Akaigeuza karatasi upande wangu. Jina langu, jina la baba yangu, kazi yangu. Pembeni pana sahihi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na sahihi yangu ni jina zima, herufi moja moja. Ile ilikuwa mkunjo mmoja tu wa kalamu. Hata hivyo nilisimama pale nikijiuliza kama kweli sikuja jana.

Mke wangu hakujiuliza. Kaka yake alikuwa kwenye foleni ileile, na habari ikafika nyumbani kabla yangu. Alinitengea ugali, kisha akauliza taratibu, "Huyo mwanamke uliyempelekea hela anakaa wapi?"

Nilimweleza habari ya sahihi. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo ilivyosikika kama uongo, hata masikioni mwangu. Mwezi wa pili niliporudi tena mikono mitupu, alifunga nguo zake akahamia kwa mama yangu.

Dereva aliyetuletea dawa ndiye aliyenistua. Akishusha madebe aliniuliza kama huyu wa Mbalibali ni ndugu yangu, maana huko naye mhudumu wa josho ana jina kama langu. Kesho yake niliondoka alfajiri kwa miguu. Nilimkuta mzee wa mvi akifagia josho. Nikamwamkia shikamoo, nikamtajia jina langu. Akasimamisha ufagio.

"Hilo ni langu," akasema.

Yeye alipokea mshahara wake tu, mara moja kwa mwezi, bila senti ya ziada. Basi tukaenda Mugumu wote wawili. Karani alitutazama mmoja mmoja, akamwita mkubwa wake. Mkubwa alikumbuka: majina yalifuatana kwenye orodha, wakadhani mpiga chapa amerudia, wakafuta moja.

"Sasa tulimfuta yupi?" karani akauliza.

Mwezi wa tatu nililipwa malimbikizo yangu yote pamoja na mshahara wa mwezi huo. Mzee, aliyekuja kuchukua wake siku hiyo, hakukubali kurudi kwake moja kwa moja. Alipitia Nyambureti, kwa mama yangu, ili mke wangu amwone kwa macho. Mke wangu alimpa maziwa, akamuuliza jina mara mbili, akamwangalia sana. Jioni ile akarudi nyumbani na nguo zake.

Nilipohesabu zile hela, zilikuwa za miezi minne, si mitatu. Nikarudi dirishani. Karani akasema orodha inaonyesha mitatu, hawezi kupokea hela ambayo haipo. Nikaenda Mbalibali kumuuliza mzee kama yeye amepunjwa. Akasema hapana. Tulikaa kando ya josho tukizitazama zile hela zilizozidi, hatujui ni za nani. Mwishowe tukagawana, na kwa muda mrefu kila nilipopanga foleni Mugumu nilijihisi mwizi, ingawa sikuweza kusema nimemwibia nani.