Bi Gundi na Jitu la Makamasi

"Shangazi, ulikosea kweli au ulifanya makusudi?"

Msichana alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, amekaa juu ya boksi la vitabu, miguu inaning'inia. Shangazi yake alilamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, akaupenyeza kwenye tundu la sindano. Kisha akasema, "Shuka hapo, umekalia kamusi." Mazungumzo yakaishia hapo.

Pale shuleni hakuna aliyemwita shangazi huyo kwa jina lake. Kuanzia walimu hadi mlinzi, wote walimwita Bi Gundi. Kazi yake ilikuwa kutibu vitabu vya maktaba vilivyochanika. Alikuwa na meza moja chini ya dirisha, sufuria ya uji wa unga wa ngano, ambao ndio gundi yenyewe, sindano ya kushonea magodoro, na mbao mbili za kubania kitabu mpaka kikauke. Juu ya mbao aliweka tofali lililovishwa soksi. Ukimuuliza soksi ya nini, anakwambia, "Tofali nalo lina aibu zake."

Watu wengine husoma kitabu ili wajue kama ni kizuri. Yeye alitazama majeraha. Kitabu kinachopendwa, alisema, hurudi kama mtu aliyekesha harusini: kimechoka, kimechafuka, na kina furaha. Kisichopendwa hubaki kisafi kama kiatu cha maiti.

Na hakuna kilichorudi na majeraha mengi kama Jitu la Makamasi. Jitu hilo lilikuwa na pua kama handaki. Likipiga chafya, kijiji kizima kinahitaji ngazi ili kutoka kwenye kamasi. Likijamba, ng'ombe wanazimia na majogoo wanawika wakidhani kumekucha. Bi Gundi alikuwa amekishona mara kumi na moja. Ukurasa ambamo jitu linachokonoa pua na kumtoa postamasta aliyepotea ulikuwa mweusi kwa alama za vidole.

Msichana mwenyewe alijulia kusoma humo. Kitabu cha darasani kilimtoa jasho, herufi zikimkimbia kama sisimizi. Lakini kwa jitu alikaza macho, maana alitaka kujua kamasi litamwangukia nani.

Basi mzazi mmoja, mama mwenye pochi kubwa, akaja kulalamika kwamba mwanawe anabeua mezani kwa mtindo wa jitu. Siku ileile mwalimu mkuu alifika kwenye meza ya Bi Gundi. Alikuwa mzee nadhifu, na wanafunzi walimbandika jina la Bwana Leso kwa sababu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa mfukoni mwake, ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimekunjuliwa.

"Bi Gundi, hicho na vyote vya ukoo wake, boksini. Siku ya wazazi ikipita, vinachomwa."

"Vyote arobaini?"

"Vyote. Shule si choo."

"Mkuu, juzi kwenye kikao ulisema mwenyewe: kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Mbona hatukukuchoma?"

"Ile ni methali!"

"Na hii ni hadithi."

"Mama, usinichezee. Nishonee na hiki." Akaweka mezani Adabu na Usafi wa Mtoto, kitabu alichowasomea wazazi kila mwaka. Mende walikuwa wametafuna mgongo wake kwa utamu wa gundi, ila ndani kilikuwa kipya kabisa.

Msichana alikimbilia nyuma ya rafu akalia. Bi Gundi hakulia. Alifumua vitabu vyote viwili jioni ile, hicho cha adabu na Jitu lenyewe.

"Hicho si kinachomwa, Shangazi?"

"Mgonjwa huachi kumfunga kidonda eti kwa kuwa kesho anasafiri."

Vitabu hivyo vilikuwa na kimo kimoja, karatasi ya aina moja, na herufi za ukubwa mmoja. Kila kimoja kilikuwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa, ambayo hushonwa moja baada ya jingine. Bi Gundi alishona kwa hasira, midomo ameibana.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa pomoni. Mkuu alikohoa, akafungua kitabu chake, akaanza kwa sauti yake ya kuhubiri, sauti ya mtu anayesoma bila kujisikiliza.

"Mtoto mwenye adabu, akisikia chafya inakuja..." Akafunua ukurasa. "...hushika mlima kwa mikono miwili, hujaza mapafu, kisha huachia! Kamasi likaruka kama blanketi la kijani, likatua juu ya bibi harusi."

Mtu mmoja akaguna. Alikuwa mama wa pochi, ameficha uso nyuma ya pochi yake, mabega yanatetemeka.

Mkuu akatazama ukurasa. Akaugeuza, akaurudia. Akabana midomo kwa nguvu zote. Lakini kicheko kikizibiwa mdomo hutafuta mlango mwingine. Puani mwa Bwana Leso, mbele ya wazazi mia mbili, lilichomoza puto la kamasi. Likavimba, likang'aa, likapasuka: pwa!

"Leso, Mkuu!" sauti ya mtoto ikalia kutoka nyuma.

Hapo ukumbi ulilipuka. Mkuu naye aliangua kicheko mpaka akashikilia meza, akachomoa kitambaa, akakikunjua. Kilikuwa kikubwa kama foronya. "Soma mbele!" wazazi wakapiga kelele. Akasoma mpaka fungu lile likaisha.

Kesho yake alilirudisha mwenyewe lile boksi la vitabu vya kuchomwa. "Vitabu hivi vina kasoro za ushonaji," alisema, macho dirishani. "Siwezi kuchoma kitu kibovu. Virekebishe kwanza. Usiharakishe." Bi Gundi hajaharakisha mpaka leo. Na watoto waliofungua Jitu la Makamasi walikuta jitu, katikati ya chafya, linaanza kunawa mikono kwa sabuni. Walicheka zaidi ya mwanzo.

Siku hizi msichana yuko sekondari, na likizo humkuta amekaa palepale, isipokuwa miguu sasa inagusa sakafu. Bi Gundi amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Jitu liko mezani kwa mara ya ishirini na sita.

"Shangazi, mimi si mtoto tena. Ulikosea, au ulifanya makusudi?"

Bi Gundi alikoroga uji wa ngano taratibu, akauinua mwiko kutazama uzito wake.

"Kukosea nilikosea, mwanangu, haki ya Mungu. Ila nililiona kosa mapema, gundi ikiwa bado mbichi."