Nilivyokula magimbi ya mke wangu peke yangu ili sinia la jirani, ambaye mkewe ni mtu wa lishe, lisitushinde jamvini

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mulioshiba, munaosubiri kushiba, na munaolala na njaa kwa kuwa mke kanuna, nyote nakusalimuni.

Mie mtu wa Pemba, kusini huku Chokocho. Kazi yangu mkwezi, naangusha nazi. Shule sikukaa, nilikuwa naipita tu nje nkielekea minazini, kwa hiyo herufi zikipandiana msinicheke.

Lakini hichi nnachokwambieni ni kweli tupu. Nimekipunguza kidogo tu ili mukiamini.

Kwanza mujue desturi yetu.

Mwezi wa Ramadhani wanaume wa mtaani kwetu hatufutari ndani. Kila mmoja anatoka na sinia alilopikiwa na mkewe, tunatandika jamvi mbele ya nyumba ya Mzee Omar, karibu na msikiti. Tende, uji, tunasali magharibi, kisha tunakaa kula pamoja. Cha mmoja ni cha wote, na mpita njia hapiti.

Kuna sheria moja haijaandikwa popote: hakuna kusema cha nani kitamu. Unakula, unashukuru, unanyamaza.

Lakini mikono hainyamazi, wakuu.

Sinia zuri linakwisha, sinia baya linarudi na chakula chake. Na mwanamke akilipokea mlangoni haangalii uso wa mumewe, anaangalia kilichobaki. Hapo hapo keshajua mtaa mzima unamuonaje.

Sasa mke wangu, Bikombo, ni mtu wa magimbi ya nazi. Akitia lile tui la mwanzo, zito, ukisimamisha kijiko kinasimama kama askari. Harufu ikitoka, paka wa kijiji cha pili wanahama. Miaka yote sinia letu ndio la mwanzo kukwisha. Faki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akililamba mpaka maua yaliyochorwa ndani yakapauka.

Na mie nilikuwa natembea mtaani kama nimeyapika mie.

Basi kabla ya mfungo wakaja watu wa lishe.

Ni vijana waliosomea mambo ya chakula, wanatoka mjini Chake, wamejikusanya wenyewe na wamewaingiza na kinamama wa huku. Kila Jumamosi wanakaa barazani pale skuli, wanapika mbele za watu na kufundisha. Kula kitu kibichi kilichotoka shamba leo. Samaki wa leo, si wa juzi. Mafuta punguza, sukari punguza, tui lifanye jepesi.

Tui jepesi! Mwambie hivyo mkwezi. Nilihisi kama wamekuja kunifukuza kazi.

Raya, mke wa Faki, akajiunga siku ya mwanzo. Akaja kumwita na mke wangu.

"Shoga, twende. Wafundisha vizuri, hata hawaringi."

Bikombo alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hata hakuinua kichwa.

"Mie nikafundishwe magimbi na mtoto alozaliwa nami nshapika? Nenda weye. Ukirudi unambie majani yanatafunwaje."

Mie nikacheka mpaka nikapaliwa. Nawambieni ukweli, nilikuwa nataka Raya anisikie.

Futari ya kwanza ikafika.

Faki kaja na sinia limefunikwa kawa. Kaweka, kafunua. Wakuu, nilidhani kafunua duka la kanga! Shelisheli la kuchoma, changu wa kuchoma bado macho yanang'aa kama ana safari ya kwenda, mchicha wa kijani hasa, boga, matango, papai pembeni. Rangi zote alizoumba Mungu zilikuwemo.

Nkamwambia, "Faki, nkeo kakupa futari au kakupa bustani?"

Jamvi zima likacheka. Faki naye akacheka.

"Onja kwanza yakhe. Ulimi hauna macho."

Mzee Omar ana sukari. Mwaka mzima anaangalia vyakula vya watu kama anayeangalia harusi kwa dirishani. Akasema, "Mie kila kitamu nshakatazwa. Hebu nione kama hichi wamekisahau."

Akamega. Akamega tena.

Basi tena! Mikono yote ikahamia kule. Mikono niliyoizoea, mikono iliyokula kwetu miaka, ikanipita kama haijapata kunijua. Mpaka mkono wangu mwenyewe, huu wa kulia, nikauona unatambaa kuelekea kwa Faki. Nikaupiga kofi kwa wa kushoto.

Na Faki hanyamazi. "Karibuni, karibuni, kipo, karibuni." Kila karibu yake ilikuwa kama msumari. Wivu, wakuu, nyie mnausikia kwa watu. Mie ulinikaa hapa kifuani kama nazi iliyokwama kooni mwa ng'ombe.

Watu wakanawa. Sinia la Faki linang'aa. Letu limejaa, lile tui limeganda juu, magimbi yananitazama.

Nikalibeba. Njiani nikamuona Bikombo akilini mwangu, kasimama mlangoni na kanga yake, anasubiri. Nyumba ya pili yake Raya anasikiliza ukutani.

Sikuweza.

Nikaingia nyuma ya migomba ya Mzee Omar, nikachutama, nikala yote. Peke yangu. Magimbi ya watu sita.

Nikafika nyumbani nimeshika ukuta.

"Wamekula?" Akaangalia sinia.

"Wamekula? Wamegombana!"

Wakuu, mke wangu akacheka vile alivyokuwa akicheka tulipokuwa wachumba. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimeiokoa nyumba.

Kumbe nimejichimbia shimo.

Kesho yake akaongeza! Kasikia watu wamegombana, akaona yalikuwa machache. Na tui akazidisha. Kesho kutwa akatia na nguru wa kukaanga juu. Nikidanganya zaidi, sinia linazidi. Ikafika mahala nalibeba kichwani kama mzigo wa karafuu, na linarudi vile vile mpaka kwenye migomba, mie na migomba tunatazamana.

Hapo nishajaribu na hila zote jamvini. Siku moja nkasema kwa sauti, "Majani chakula cha mbuzi bwana."

Mzee Omar hata hakuacha kutafuna. "Na mbuzi gani ulomuona na sukari?"

Faki akacheka mpaka akamwaga maji.

Mwili nao ukaanza kusema. Asubuhi nikipanda mnazi, nusu ya njia pumzi inabaki chini inanisubiri. Tajiri wa shamba akaniuliza, "Weye unapanda au unaukumbatia?" Siku ile niliteremka bila nazi hata moja, na sijapata kuteremka hivyo tangu nibaleghe.

Sasa sikilizeni hapa.

Siku moja baada ya laasiri wale watu wa lishe wakaja na vifaa pale skuli, kupima watu bure. Pressure, uzito, kiuno. Mtaa mzima upo, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Bikombo naye kaja, si kwa kupenda, kaja kuona nani mnene kuliko nani.

Anayepima ni Bi Salma, binti mdogo, mpole, sauti ya taratibu. Akanifunga ule mkono wa mashine. Akatazama. Akafunga tena.

"Kaka, presha yako iko juu. Na kwa mkwezi, hichi kiuno sikukitegemea. Futari unakula nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Faki, mtu wa nyuma yangu kwenye foleni, kanijibia. Na wallahi hakukusudia ubaya, alikuwa ananihurumia.

"Huyu hali kitu daktari. Hata sinia lake mwezi huu halishikwi. Larudi kama lilivyokuja."

Foleni nzima ikageuka kunitazama.

Upande wa wanawake nikasikia sauti ya mke wangu, ndogo.

"Larudi wapi?"

Raya akaangalia chini. Bi Salma akajifanya anaandika. Mie nimefungwa mkono kwenye mashine, siwezi hata kukimbia, na ile mashine ikaanza kulia piii piii piii.

Bikombo akajifunga kanga, akaondoka.

Nilipofika nyumbani nimemkuta kakaa jikoni, chungu kipo moto hakijatiwa kitu.

"Yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nikajionesha tumbo. "Yote humu."

"Yote?"

"Yote."

"Na mie nikawa naongeza."

"Ukawa unaongeza."

Nilitegemea mwiko wa kichwa. Afadhali ungekuja. Akasema taratibu, "Siku ile ile ungenambia, mie ningejua la kufanya kesho yake. Weye umeniacha siku zote hizi napikia migomba, mtaa wote wajua, mie sijui."

Nikakaa chini kwenye kizingiti.

Kisha akaniuliza, "Raya alicheka?"

"Hakucheka. Aliangalia chini."

"Kanionea huruma?" Macho yakamtoka. "Raya? Mie?"

Wakuu, hapo nikajua ule wivu haukuwa wangu peke yangu, mie nilikuwa nimeubeba kwa kuazimwa tu. Mwenyewe ndio huyu kaamka.

Jumamosi alikuwa wa kwanza barazani pale skuli, kakaa mbele kabisa, mgongo kampa Raya. Nasikia alibishana na Bi Salma kuhusu tui mpaka watu wakasahau sufuria. Mwisho wakakubaliana: tui atapunguza, kuliacha haliachi.

Jioni yake akanikabidhi sinia. Magimbi yale yale, lakini tui la pili, jepesi, limepita tu kama mgeni. Kisamvu kilichochumwa asubuhi. Dagaa wabichi waliotoka pwani mchana ule. Ndimu.

Nimelibeba nachunga kila hatua kuliko siku niliyooa.

Tukakaa. Sinia likafunuliwa. Mkono wa Mzee Omar ukasimama hewani baina ya sinia langu na la Faki, unayumba kama tiara ya karatasi ya watoto. Mie nasoma dua zote nnazozijua na mbili nisizozijua.

Ukatua kwetu.

Halafu ukaenda kwa Faki. Halafu ukarudi kwetu. Na wengine hivyo hivyo, wanahama, wanarudi. Faki naye kala kwetu, kalamba vidole, hakusema kitu, sheria ni sheria.

Sinia letu halikwisha lote. Vilibaki vipande pembeni. Migomba ile pale, tumbo lina nafasi, na hakuna anayeniona.

Nikaipita.

Bikombo akapokea, akaangalia. "Hivi vimebaki kwa kushiba au kwa chumvi?"

Nkamwambia, "Chumvi. Imezidi kidogo kwenye kisamvu."

Akanitazama usoni, si kwenye sinia. "Haya," akasema. "Kesho."

Ndio hivyo wakuu. Funzo langu ni moja: habari mbaya ya chungu cha mkeo, usipompelekea mwenyewe, utaila weye. Na ina tui.

Mnazi sasa napanda tena. Lakini juzi wale watu wa lishe walipita jamvini, wakapiga picha sinia, wakachagua la Faki. Roho inaniuma mpaka naandika hivi, sikufichini.

Haya, na nyie. Nani humu mkewe au jirani yake kaingia mambo ya lishe? Mlifanyaje? Na kama kuna mtu anajua kisamvu kikizidi chumvi kinatolewaje, aseme mapema, magharibi haiko mbali.