Simu Nyembamba Niliyompa Baba

Nauza simu Kanyenye, mjini Tabora, na kwa miaka kadhaa nimesikiliza ubishi uleule mbele ya kaunta yangu. Mteja mmoja anataka simu nyembamba, pana, inayoingia kwenye mkoba kama bahasha. Mwingine anataka ndogo, hata ikiwa nene kidogo, mradi aishike kwa mkono mmoja na kidole gumba kifike kila kona ya kioo. Nimeona watu wasiojuana wakibishana juu ya jambo hilo mpaka mmoja wao akasahau alichokuja kununua.

Mimi nilikuwa upande wa nyembamba na sikuuficha. Nilipenda wepesi wake. Nilipenda jinsi ilivyompendezesha hata mtu mwenye viatu vilivyolika kisigino alipoitoa na kuiweka mezani. Nilijua kwamba betri yake ni ndogo, maana huwezi kukonda bila kupunguza kitu. Wateja wakiuliza, niliwajibu kwamba mjini umeme upo, chaja ziko kila duka, sasa tatizo liko wapi.

Kaka yangu alikuwa upande wa pili. Yeye ni fundi wa malori Igunga, kwenye barabara kuu, na nusu ya siku yake huipitisha chali chini ya magari ya watu. Simu yake ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni, na imedondoka kwenye oili mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Alisema simu ni ya kukaa mwilini mwa mtu, na isiyoweza kukaa mwilini ni pambo. Tulibishana kwenye kundi la familia, yeye akituma picha za simu zilizopinda, mimi nikituma vicheko. Mama alitusoma na kutuambia twende tukafanye kazi.

Baba hakuingia kwenye ubishi huo. Alikuwa mrina asali. Kijiji chetu kiko magharibi ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji, na nyuma ya mashamba ya tumbaku pori linaanza. Baba alitundika mizinga humo tangu hatujazaliwa. Msimu wa kurina ukifika, aliingia porini na mwenzake, mtu wa rika lake aliyefanya naye kazi miaka yote, wakapiga kambi na kukaa wiki nzima au zaidi. Simu yake ilikuwa simu janja ndogo, nene, ambayo mimi mwenyewe nilimuuzia zamani kwa bei ya kununulia. Mama aliishonea mfuko wa kitambaa cha kitenge wenye kamba, na baba aliuvaa shingoni chini ya shati. Alipanda nayo mitini. Ilikaa na chaji siku tatu, na huko porini alikuwa akiizima mchana kutwa, akiiwasha jioni kumsalimia mama.

Krismasi moja nilimletea nyembamba. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo dukani, nyeusi, mgongo wake unang'aa. Nilimpa baada ya ibada, uani, majirani wakiwa wamekuja kula pilau. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akauliza mbona kama itavunjika. Watu wakacheka. Nikamwonyesha herufi zilivyo kubwa, asome bila miwani. Mama akaleta mfuko wake wa kitenge, simu ikagoma kuingia, ikabaki nusu nje. Mama akasema atashona mwingine, lakini baba akasema mrefu namna hiyo utamgonga tumboni akiinama. Mimi nikamwambia aiweke kwenye begi.

Ile ndogo nikaichukua palepale, na siku iliyofuata nikairudisha mjini. Ilikuwa bado nzima, na kabla ya wiki kwisha nikamuuzia mwalimu mmoja aliyetaka simu inayotosha kiganja. Kaka aliposikia aliniandikia maneno matatu tu kwenye kundi: "Baba anapanda miti." Nilimjibu kwa picha ya uso unaocheka.

Baada ya Pasaka baba alinipigia akasema simu inakufa mapema. Asubuhi imejaa, alasiri imekwisha, na hapo hajafanya nayo lolote. Nilimweleza apunguze mwanga wa kioo. Nilimweleza pia kwamba kijijini mtandao ni hafifu, na simu inayotafuta mtandao inajichosha yenyewe. Aliniuliza kama porini itakuwaje. Nikamwambia nitamtumia pawabenki ya kuichajia huko, kwa basi. Niliitenga kabisa, nikaiweka chini ya kaunta. Mteja akaja akaihitaji, nikamuuzia hiyo, nikasema baba nitamtumia nyingine. Sikutuma.

Mwezi wa sita waliingia porini. Mwaka huo walikuwa wamehamisha mizinga, kwa sababu upande waliouzoea miti mingi ilikatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku. Walivuka mto na kwenda sehemu mpya ambayo hata mama hakuijua. Siku ya tatu mwenzake baba alipata habari ya msiba wa dada yake, akaondoka kwa baiskeli kwenda kuzika. Alimsihi baba watoke wote. Baba alisema mizinga miwili imejaa na haiwezi kusubiri, angeimaliza na kumngoja hapohapo.

Nilipigiwa simu siku ya Jumatano, yapata saa tisa alasiri. Niliona ni baba, nikapokea kwa furaha kwa sababu hakuwa na kawaida ya kupiga mchana.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Akapumua. "Nimeanguka. Mguu umevunjika. Mwambie kaka yako niko ng'ambo ya mto, ukipita..."

Ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena nimesimama katikati ya duka, mteja ananitazama. Nilielewa papo hapo kilichotokea. Ninauza vitu hivi, najua simu iliyokatwa na mtandao na simu iliyoishiwa chaji zinavyotofautiana katika sekunde ya mwisho. Nilikuwa nimesikia mlio mdogo wa onyo kabla hajamaliza neno.

Kaka aliacha lori likiwa limefunguliwa na kuja kwa gari la kwanza lililompitia. Tulifika kijijini giza likiwa limeshaingia, na asubuhi mwenyekiti wa kijiji akakusanya wanaume. Tatizo lilikuwa moja. Ng'ambo ya mto ni pori la kutwa nzima kila upande, na mtu pekee aliyejua kambi ilipo alikuwa kwenye matanga, katika kijiji kisicho na mtandao. Kijana wa bodaboda akatumwa kumfuata. Sisi wengine tukavuka na kuanza kuita.

Niliita mpaka sauti ikaisha. Tulipita mahali ambapo bibi yetu alipenda kutuonyesha tulipokuwa wadogo, akisema hapo ndipo wapagazi walioshindwa na mizigo waliachwa, msafara ukaendelea. Siku zile tulimsikiliza kama tunavyosikiliza hadithi. Sasa nilitazama chini ya kila mti. Kaka alitembea mbele yangu na hakugeuka hata mara moja. Alhamisi ikaisha hivyo. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwa mwenyekiti, na tuliporudi hakuuliza, alitutazama mikono tu.

Ijumaa kabla ya saa sita mchana mwenzake baba alifika, akaingia porini moja kwa moja bila kunywa maji, nasi tukamfuata. Tulimkuta baba amelala kambini, kando ya majivu yaliyopoa. Alikuwa hai. Dumu la maji lilikuwa karibu naye, limebaki robo. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa umetoka, na harufu yake ilitufikia kabla hatujamwona vizuri. Simu ilikuwa juu ya begi, safi, haina hata mkwaruzo.

Hadithi yenyewe aliitoa kidogokidogo, baadaye. Alianguka Jumatano asubuhi, tawi lilipokatika akiwa anashusha mzinga. Simu hakuwa nayo. Aliogopa kupanda nayo mtini isije ikavunjika, kwa hiyo kila siku aliiacha kambini, hatua kama mia nne kutoka kwenye mizinga. Alijikokota hatua hizo mia nne kwa viwiko, akiuburuta mguu kwenye udongo na majani, tangu asubuhi mpaka alasiri. Alipoishika simu na kuiwasha, ilikuwa imebakiza asilimia mbili. Alinipigia mimi kwa sababu jina langu lilikuwa la juu kabisa. Mimi ndiye niliyeliweka hapo nilipomkabidhi.

Hospitalini mjini walijitahidi siku nne. Daktari alituita, akatueleza kwa upole kwamba mfupa uliovunjika peke yake wangeuunga. Kilichouharibu mguu ni udongo ulioingia kwenye jeraha wakati wa kujiburuta, pamoja na siku zilizopita bila dawa. Waliukata juu ya goti. Kaka aliisukuma karatasi kwangu, nikatia saini mimi.

Tulipotoka kwa daktari tulisimama ukumbini, pembeni ya benchi la wagonjwa. Nilidhani kaka atanishika bega.

"Ingekuwa kifuani kwake," alisema. "Ile ndogo. Angepiga akiwa palepale chini ya mti."

Nilitaka kumjibu kwamba pengine hata ile isingepata mtandao chini ya mti. Ni kweli, pengine isingepata. Lakini nilikumbuka kwamba baba hakuwahi kuwa nayo mbali, wala haikuwahi kumzimikia alasiri. Kaka akaenda zake. Tangu siku ile, kila kilichohitajika kati yetu kilipitia kwa mama.

Nilichelewa kumwomba baba msamaha. Kila nilipokwenda kijijini nilibeba sukari, dawa, nguo, nikazungumza habari za mvua. Mwezi wa kumi na moja nilimkuta peke yake amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jiko, magongo yamelala chini. Nikachuchumaa karibu naye.

"Baba, nisamehe kwa ile simu."

Alijikanda paja pale linapoishia.

"Ile ndogo niliipenda," alisema. "Ulipoichukua nilitaka kukuambia uniachie. Lakini watu walikuwepo, na wewe ulikuwa umefurahi."

Nilingoja aendelee. Nadhani nilitaka aseme kwamba ni ajali, kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, mambo ambayo watu wote walikuwa wameshayasema. Hakuyasema. Nikamuuliza basi, siku ile, akiwa na asilimia mbili tu, kwa nini alianza kwa kuitikia salamu yangu badala ya kunitajia mahali alipo. Alinitazama kama mtu ambaye hakulielewa swali.

"Umenipa shikamoo," alisema. "Ningeiachaje?"

Nilirudi mjini siku hiyohiyo.

Mizinga yote imebaki kwa mwenzake. Kila msimu huleta ndoo ya asali na kuiweka mbele ya baba, na baba humshukuru, kisha asali hiyo huliwa na majirani. Yeye haionji. Mama anasema usingizini bado anakunja vidole kana kwamba ameshika tawi. Mchana hataki kiti chake kielekee porini, na mama amejifunza kukigeuza bila kuambiwa.

Duka bado ninalo. Simu nyembamba bado ninaziuza, kwa sababu ndizo watu wanazozitaka. Nilijaribu kwa miezi michache kuwasifia ndogo. Wateja wakaniona nimezeeka, wakavuka barabara kwenda duka la jirani. Siku hizi siungi mkono upande wowote. Mtu akiniuliza ipi ni bora, nampa zote mbili mkononi na kugeukia kazi nyingine mpaka aamue. Mwanamke mmoja alikuja akisema anataka kumnunulia baba yake zawadi, nimchagulie. Nilimwambia aende akamuulize mzee mwenyewe. Alikasirika, hakurudi.

Mwezi uliopita kaka alikuja Tabora kutafuta vipuri. Aliingia dukani, akasimama mbele ya kaunta kama mteja, akaniambia kigutu cha baba kimetoa kidonda na lazima kionwe. Tukapanga Jumatatu. Nilimfungulia soda, akaitazama, akasema ana haraka.

Jumatatu hiyo aliazima gari, tukamchukua baba na kumweka kiti cha nyuma, mguu mzima ameunyoosha, mimi pembeni yake. Tulipofika pale njia ya porini inapoachana na barabara, baba aliomba tusimame. Kaka akasimamisha gari, akazima injini. Wanaume wawili walikuwa wanatoka na baiskeli zenye ndoo, wakatupungia mikono bila kujua ni akina nani tuliokuwa ndani. Baba aliteremsha kioo, akatega sikio upande wa pori kwa muda. Hakuna aliyeshuka. Kisha akapandisha kioo, akasema twendeni, watafunga kliniki.