Ng'ombe wa Mzee Cyriaque

Mzee Cyriaque, jirani yangu hapa Kicukiro, aliendesha teksi miaka ishirini na sita. Macho yalipoanza kufifia aliuza gari, akanunua ng'ombe mmoja na kumjengea banda nyuma ya nyumba. Mjini ng'ombe hachungwi, chakula humfuata bandani. Kila asubuhi mzee alishuka na mundu hadi ukingo wa barabara kuu karibu na makutano ya Sonatubes, akarudi na mzigo wa majani kichwani. Ya bondeni aliyakataa, eti yana minyoo.

"Hii ya barabara iko safi," alikuwa akiniambia. "Ona rangi yake!"

Maziwa hakuyauza. Aliwagawia wenye watoto wadogo, hasa Mutoni wa nyumba ya tatu, ambaye binti yake Kaliza alikunywa kikombe asubuhi na kingine jioni. Mimi pia sikukosa changu. Nilitoka Mbeya kuja kufanya kazi ya maabara, na hakuna aliyenipokea kama mzee yule.

Mwezi wa tatu tulipima udongo na majani ya kando ya barabara. Ya Sonatubes yalikuwa na risasi, yale madini mazito yenye sumu yaliyotiwa kwenye petroli zamani. Petroli hiyo iliachwa, lakini moshi wake ulishatua ardhini, na risasi haiozi. Nikayapima maziwa ya mzee kimyakimya. Ilikuwamo. Kidogo, lakini kwa mtoto hakuna kidogo.

Nikanyamaza wiki saba. Hapa, kumwambia mtu kwamba maziwa ya ng'ombe wake ni mabaya ni kumtukana mlangoni pake. Niliona haya. Haya gani hiyo, na mtoto anakunywa? Nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa: nilikuwa mwoga. Majuto ni mjukuu, na wa kwangu ana mwaka mmoja na nusu na anaitwa Kaliza.

Siku moja Mutoni alinisimamisha njiani. "Wewe wa maabara, mbona mtoto hataki kula? Tumbo inamuuma kila siku."

Nilikwenda moja kwa moja bandani, nikamwambia mzee yote. Alikaa juu ya ndoo.

"Hiyo barabara nilipita miaka yote," akasema. "Kumbe hiyo moshi iko yangu." Kisha akaniangalia. "Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu, muzehe."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikwenda mwenyewe kwa Mutoni, wakampeleka mtoto kliniki, na damu yake ikakutwa na risasi. Watamfuatilia, walisema. Zaidi ya hapo hawakuahidi.

Sasa ng'ombe anakula majani yanayoletwa kutoka mbali, ila maziwa yatachukua muda kusafika. Nilimwambia mzee ayamwage.

"Maziwa haimwagwi," alinijibu. Kwake ni mwiko, na hakuna kipimo changu kitakachomtoa hapo. Basi kila asubuhi anakamua, kisha anakaa mlangoni mwa banda na kuyanywa yote peke yake.

Jana nilimnyooshea kikombe, nikamwomba tugawane. Alikitazama, akaendelea kunywa.