Mgeni Hupita Mara Tatu

Wifi yangu hakuwahi kuandika jina la mtu katika kidaftari chake. Aliandika kile kinachomtangulia. Mteja mmoja wa vyeti alikuwa "funguo nyingi", kwa sababu ulizisikia kwenye ngazi kabla hujamwona mwenyewe. Mwalimu mstaafu aliyekuja kutoa nakala za barua zake alikuwa "dawa ya kikohozi". Karani wa ofisi ya ardhi alikuwa "anacheka kabla ya salamu". Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa penseli, herufi ndogo zilizolala kama nyasi zilizokanyagwa. Kidaftari kikijaa alinunua kingine. Nilimkuta na tabia hiyo siku alipoolewa na kaka yangu, na hakuiacha kamwe.

Duka lake la fotokopi lilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, mwisho wa korido. Ngazi za mbele zilikuwa na vidato kumi na vinne. Nyuma kulikuwa na mlango mwembamba wa chuma na ngazi za kushushia taka. Alikichagua chumba hicho kwa ajili ya mlango huo wa nyuma, ingawa wateja aliwaambia ni kwa sababu ya upepo.

Kaka yangu alimvunja mkono mara mbili. Mara ya kwanza familia ilisema ni mambo ya ndani. Mara ya pili mfupa haukuunga vizuri, kiwiko hakikunyooka tena, naye kaka akafungwa miaka mitano. Kwenye kesi nilisimama nikasema nilichokiona. Mama alininunia mwaka mzima. Damu nzito kuliko maji, aliniambia, na wewe umechagua maji. Wifi alihamia mji ninakofanya kazi akiwa na sanduku moja, na dadu nne ndani ya soksi.

Dadu hizo ndizo zilizompa jina. Jengo zima lilimwita Mama Dadu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, akishafunga duka, tulikaa watu wanne kuzunguka ubao wa mlango mkuukuu aliouweka juu ya makreti ukawa meza: yeye, mimi, muuguzi mmoja wa hospitali, na fundi wa mafriji ambaye karakana yake ilitazamana na duka. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake wa kubuni, akimsemea na kumwamulia. Wifi alishika yote yaliyobaki: mji, mvua, askari wa lango, mbwa, na kila mtu tutakayekutana naye njiani. Jambo likiwa gumu, dadu ziliamua. Hadithi moja ilituchukua miaka mitatu na hatukutaka iishe.

Alikuwa na kanuni ambayo hakuivunja. Mtu mkubwa wa hadithi haji siku ileile anapohitajika. Hupita kwanza mara tatu. Kwanza mnaona kitu chake, halafu mnakutana na mtu anayemfahamu, halafu mnasikia sauti yake au mnauona mgongo wake. Mara ya nne ndipo anapobisha hodi.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alituambia. "Nikiwatupia mtu mezani ghafla, mtasema nimemtoa mfukoni."

Malkia mmoja tulimjua kwanza kama kijiko cha fedha kilichookotwa bandani kwa mchinjaji, kisha kama mpishi anayelia. Siku alipotokea mwenyewe, fundi alipiga meza kwa kiganja: "Kijiko! Mwenye kijiko huyu hapa!"

Fundi alikuwa na kichwa cha ajabu. Alisahau sura za wateja, alisahau friji lipi ni la nani, na siku moja alimsahau mama mkwe wake stendi tangu asubuhi mpaka alasiri. Lakini mtu wa mezani hakumsahau kamwe. Ungemuuliza juu ya mlinzi aliyetajwa mara moja miaka miwili iliyopita, angekwambia ni mguu gani aliokuwa akichechemea.

"Kichwa changu kina chumba kimoja tu," alijitetea, "na Mama Dadu kakipanga chote."

Basi Jumamosi moja wifi alituambia tumefika kwenye nyumba ya wageni. Mezani pana kikombe, aliyekinywea ameshaondoka. Kikombe kimefunikwa kifudifudi juu ya kisahani, na meza imepanguswa kwa kiganja, alama ya vidole bado mbichi.

Kaka yangu hunywa chai hivyo. Akimaliza hukifunika kikombe, kisha hupangusa meza kwa kiganja mara moja, kama anayefuta ubao. Nilimtazama wifi. Alikuwa akichonga penseli ambayo ilishachongoka.

Nilijiambia kwamba watu wengi hufunika vikombe. Ila nilikuwa na sababu ya kuogopa ambayo sikumwambia: wiki tatu kabla, mama alinipigia simu akasema kaka ametoka. Nilipanga kumwambia wifi siku nitakapomwona ametulia. Kumbe niliyekuwa nangoja atulie ni mimi.

Jumamosi ya pili, muuza mkaa ndani ya hadithi alitusimulia kwamba kuna mtu amemuuliza, kwa upole sana, anakoishi mwanamke anayeandika kwa kushoto.

"Mpole kiasi gani?" muuguzi aliuliza.

"Mpole mpaka unamsogelea ili umsikie," wifi alijibu.

Ndivyo alivyo kaka yangu. Hapandishi sauti. Kadiri anavyokasirika ndivyo anavyoishusha, nawe unainama, na ukishainama umekwisha. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumamosi ya tatu wifi alisema, "Mko ndani, mlango umefungwa. Nje mnasikia mtu anapanda ngazi. Anahesabu vidato. Moja. Mbili. Tatu." Alihesabu mpaka kumi na nne, taratibu, na muuguzi akaacha kutafuna karanga. Kaka yangu amehesabu ngazi tangu utotoni. Kwetu tulikuwa tukimcheka.

Fundi alisugua viganja kwa furaha. "Huyu ni mkubwa! Mara tatu kapita! Jamani, huyu ndiye mwenye ufunguo wa hadithi nzima. Namfungulia."

"Unamfungulia?"

"Namfungulia, namwekea kiti, namwagizia chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Hujui anataka nini."

"Mama Dadu, hebu niambie, umewahi kutupitishia mtu mara tatu bure?"

Wifi aliziweka dadu chini bila kuzirusha. "Tuishie hapo leo," alisema. Hatukuwahi kuishia mlangoni namna hiyo.

Wenzetu walipoondoka nilibaki kuosha vikombe kwenye beseni. Wifi alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Wifi," nilisema, "yule ni kaka."

"Nilikuwa nangoja utasema lini." Hakugeuka. "Niliingia kunywa chai mgahawa wa chini, nikakuta kikombe kifudifudi meza ya pembeni. Wiki iliyofuata dada wa mgahawa akaniambia kuna mtu anamuulizia mwanamke wa kushoto. Jumatano hii nimesikia ngazi zinahesabiwa. Zikafika kumi, zikarudi."

"Twende polisi."

"Nikaseme nini? Afande, nimeona kikombe?"

"Basi tumwambie fundi. Yeye ndiye anayeona kila anayepanda ngazi."

"Nimwambie fundi kwamba nilikuwa napigwa?" Sasa aligeuka. "Yule ananitania kama anavyowatania wanaume wenzake. Nikimwambia, kesho ataanza kunisemesha polepole kama mgonjwa. Na picha nikimwonyesha atakuwa kaisahau kabla chai haijapoa. Nilitaka amjue kwa njia anayoijua. Amwone, aniite, nipate muda wa kushika mlango wa nyuma. Basi. Sikudhani atamfungulia."

Ndipo nilipomwambia la kwangu. Nilimwambia habari ya simu ya mama. Nilimwambia pia habari ya kalenda. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa ametengeneza kalenda za duka, picha ya maua, karatasi ngumu inayong'aa, nami nilimtumia mama moja. Nilitaka aone kwamba mkwe wake anaishi kwa jasho lake. Chini ya maua, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la jengo na namba ya ghorofa. Mama aliitundika sebuleni, na sebuleni ndiko kaka alikofikia alipotoka.

Alizisawazisha karatasi kingo kwa kingo. "Uliituma kwa nia nzuri," alisema mwishowe. Ningependa zaidi kama angenitukana.

Tulikubaliana kwamba Jumamosi ijayo angembadilisha yule mgeni mezani. Angemfanya muuaji, aliyeacha maiti katika kila nyumba iliyomfungulia, ili fundi amwogope. Hilo ndilo kosa letu. Tuliipa hofu miadi ya Jumamosi, kama mchezo. Kaka alikuja Jumatano.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepeleka mitihani ya chuo ninakofanya kazi kutolewa nakala. Mashine ilikuwa ikitembeza mwanga wake chini ya kifuniko tuliposikia ngazi. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Wifi hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya mashine kana kwamba ni mnyama anayeweza kubweka.

"Samahani, ndugu," sauti ilisema kwenye korido, chini sana. "Namtafuta dada mmoja wa fotokopi. Anaandika kwa kushoto."

Kisha kiti kikaburutwa.

"Ee bwana wee!" fundi alipaza sauti. "Kumi na nne kamili! Kaa, kaa, mzee wangu, chai inakuja. Huyu mwanamke ni kiboko, kaniletea mtu mzima mwenye miguu! Mama Dadu! Mgeni wako kafika!"

Alidhani ni zawadi. Aliniambia baadaye, akilia, kwamba alifikiri wifi amemtafuta mwigizaji atushangaze, na kwamba hakumbuki kufurahi vile tangu alipokuwa mtoto.

Wifi alinitazama. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukiondoka ilhali mwenyewe bado amesimama. Nilimsukuma kuelekea mlango wa nyuma, nikatoka koridoni, nikaufunga mlango wa mbele nyuma yangu.

"Kaka," nilisema.

"Mdogo wangu." Alitabasamu. "Umenenepa. Yumo?"

"Mimi nimeleta kazi ya chuo."

"Nimeuliza, yumo?" Sauti ilishuka, nami, pamoja na yote niliyoyajua, niliinama ili nimsikie.

Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Tabasamu lilikuwa bado usoni lakini halikuwa na mwenyewe. Aliiona mikono yangu ilivyong'ang'ania kitasa cha mlango nyuma yangu. Sijui ni nini kiligeuka ndani ya kile chumba chake kimoja; aliinuka bila neno, akalisukuma friji moja bovu mpaka likaziba mlango wa duka, akaketi mbele yake juu ya ndoo na kuanza kulegeza nati.

"Lisogeze," kaka alisema.

"Haiwezekani, mzee. Nimeshafungua gesi. Likitikisika tunaruka wote watatu."

"Mchezo gani huu?"

"Hata mimi ndiyo nauliza."

Hapakuwa na gesi yoyote; friji lile lilikuwa limekufa tangu mwaka juzi. Kaka alisimama palepale kwa muda ambao sikuweza kuupima. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya ukuta, nikiomba nisisikie kitu, na sikusikia kitu. Mwishowe alilipiga friji teke moja, akanigusa shavu kwa vidole viwili kama zamani, akashuka ngazi.

Safari hii niliwapigia polisi, wakamkuta stendi. Siku ya tatu walimwachia. Kupanda ngazi na kumuulizia mtu si kosa, walituambia, na kifungo chake alishakimaliza. Kwa hiyo mji ukawa wa kwake pia, na wifi hakuweza kurudi dukani hata kuchukua miwani.

Alikuwa amejificha kwa muuguzi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Nilimpelekea sanduku mchana ule kaka alipoachiwa. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa pini jua likiwa utosini. Nilipobisha, kulikuwa na mkwaruzo ndani, kisha muuguzi akauliza mara mbili ni nani, kisha akaniuliza jina la mtu wangu wa mezani ndipo akafungua. Wifi alitoka nyuma ya kabati, vumbi begani. Alijaribu kucheka.

"Fundi anaona haya kuja," nilimwambia. "Anasema umsamehe."

"Nimsamehe nini? Alicheza kama nilivyomfundisha."

Muuguzi alikuwa ameshampangia gari la mizigo la shemeji yake, ambalo lingepita nyuma ya jengo la kufulia. Nilimfungia sanduku kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa imekufa. Nilimwambia nitaiuza mashine yake, nitamtumia vitu vyake kidogo kidogo, nitakuja kumwona mambo yakitulia. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Honi ikalia mara moja huko nje. Nilimshika mkono ule usionyooka, nikamuuliza anakwenda wapi, nikamsihi aniambie hata upande tu.

"Afadhali usijue, wifi," alisema. "Wewe una huruma sana na watu wa kwenu."