Nilihamia Linux kurekodi kwaya, ikaingia sauti ya ziada

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii ilinitokea mwenyewe, na nywele bado zinanisimama nikiikumbuka. Mwenye kucheka acheke.

Mimi hurekodi kwaya kwenye chumba changu cha nyuma. Laptop yangu ni kuukuu, ilikuwa inakwama kila nikiwasha maikrofoni, nikaondoa Windows, nikaiwekea Linux. Marafiki waliniambia hiyo ni ya hackers.

Sasa mtu anaimba na anajisikia hapo hapo kwenye headphones, bila kuchelewa. Na programu zote ni za bure!

Kuna moja niliipenda sana. Unapiga makofi mara moja ndani ya jengo, unarekodi mwangwi. Baadaye sauti yoyote ukiipitisha pale, inasikika kama iko ndani ya jengo lile.

Kanisa moja la mabati kule Kiserian lilipokaribia kubomolewa, nilienda nikarekodi mwangwi wake. Mama Mwende, mwimbaji wa alto wa kwaya ya pale, alikuwa akifagia. Kanisa jipya hakuliona, alifariki kabla halijaisha.

Juzi kwaya ikaja kwangu, ikiongozwa na mumewe, Baba Mwende. Nikawawekea mwangwi wa kanisa lao la zamani, nikidhani watafurahi.

Ubeti wa kwanza haukuisha. Dada wa soprano akavua headphones. "Nani anahum huko nyuma?"

Nikasikiliza. Sauti ya mwanamke, kweli, kama anaimba mdomo umefumbwa. Wakiimba, anawafuata. Wakinyamaza, anafifia. Na ni mchana kweupe!

Nikafungua ile rekodi ya makofi peke yake. Chini ya mwangwi, Mama Mwende alikuwa akihum huku akifagia. Siku ile sikumsikia kabisa. Programu ilikuwa inampaka kwenye kila sauti iliyopita pale.

Nikawaeleza, nikasema naweza kumkata sasa hivi. Wengi wakasema kata haraka.

"Ngoja kwanza, kijana," Baba Mwende akasema. "Niwekee hiyo maiki."

Akaisogelea, akaita polepole, "Mama Mwende."

Ile sauti ikaja, laini, nyuma tu ya jina lake.

Mzee akafuta macho. "Wacha hivyo. Huyu hakuwahi kosa practice."

Nilimwacha, wakaimba naye mpaka mwisho.

Funzo: Linux inatosha kazi ya studio, msidanganywe. Ila sikilizeni rekodi zenu vizuri kabla ya kuzitumia. Lile faili mimi silifungui nikiwa peke yangu.

Wewe ungemkata? Nawasoma hapo chini.